Kuketi Kwanza na Kuhesabu: Tafakari ya Luka 14:28–30

Wapendwa katika Bwana, juma hili tusome Luka 14:28: "Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama, kwamba anavyo vya kumalizia?" Bwana alikuwa akisema juu ya gharama ya kumfuata yeye, wala sitaki kulishusha neno lake liwe ushauri wa fedha tu. Lakini aibu ya msingi uliopigwa ukaachwa, aliyoitaja katika mistari inayofuata, naiona ikiwapata vijana wa sharika zetu hapa Moshi wanaosomea urubani wa biashara, nami naamini kwamba sehemu ya aibu hiyo ni yetu sisi tuliowaombea.

Mara nyingi kijana hutangazwa ibadani, huombewa kwa kuwekewa mikono, mnada hufanyika nje ya kanisa, familia huuza hata kipande cha kihamba, yaani shamba la ukoo, naye huondoka kwenda Kenya au Afrika Kusini akiwa na ada ya hatua ya kwanza. Kwa viwango vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, leseni ya rubani binafsi huhitaji saa 40 za kuruka, lakini leseni hiyo haimruhusu kulipwa kwa kurusha ndege. Leseni ya biashara huhitaji saa 200, au 150 kwa anayesoma mfululizo katika kozi iliyoidhinishwa, na kila saa ina gharama ya mafuta, ndege na mkufunzi. Hapo katikati ndipo wengi hukwama. Fedha zikikatika miezi kadhaa, mikono husahau, na anaporudi hulazimika kulipia tena mazoezi aliyokwisha kuyafaulu. Mvua na mawingu nayo humzuia kuruka, huku kodi ya chumba ikiendelea kudaiwa.

Yapo pia yanayopaswa kujulikana kabla ya kuuza chochote. Rubani wa biashara lazima awe na cheti cha afya cha daraja la kwanza, kinachotolewa baada ya kupimwa macho, masikio, moyo na mengineyo na daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, na vipimo hivyo hurudiwa angalau kila mwaka. Inaniuma kufikiri kwamba shamba linaweza kuuzwa kwanza na macho yakapimwa baadaye.

Wako watakaosema kwamba kuhesabu namna hii ni upungufu wa imani. Kazi yenyewe ya rubani inawajibu. Kabla ya kuruka, mwanafunzi hufundishwa kupima uzito wa ndege na abiria, na kukokotoa mafuta ya kumfikisha aendako pamoja na akiba ya kumwezesha kubaki angani iwapo hawezi kutua mara moja. Uwanja wa Arusha pale Kisongo uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Jua linapopanda hewa huzidi kuwa nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kupaa. Rubani mcha Mungu huomba, na hesabu hiyo huifanya, naye akiona haikubali hupunguza mzigo au husubiri. Sijawahi kusikia abiria akimlaumu kwa kukosa imani.

Hata leseni ikipatikana, mwenye saa 200 bado ni mgeni katika soko la ajira. Leseni ya juu, ile ya urubani wa ndege za abiria, huhitaji saa 1,500, na baadhi ya vijana huzikusanya polepole katika ndege ndogo zinazopeleka watalii Serengeti. Kipindi hicho cha kungoja kazi nacho kiingie katika hesabu, kwa maana ndicho ambacho ndugu huanza kuuliza fedha zao zilikwenda wapi.

Basi, katika jumuiya zetu juma hili, ikiwa yuko kijana aliye masomoni, wazee wampigie simu wamwulize amefikisha saa ngapi za kuruka, amebakiza ngapi, na ni nani anayezilipia. Aliyesimama njiani asisemwe barazani. Aalikwe, nasi tuketi pamoja naye na karatasi ya ada mezani.

Ee Bwana, uwape wanafunzi hawa afya, wakufunzi waaminifu na hali njema ya anga, nasi utupe subira ya kuchangia hata mwaka wa pili. Amina.