Lifti ya nguzo mbili nyumbani: anza na sakafu

Kabla ya kununua lifti ya kuinulia gari ya tani 4, toboa sakafu ujue unene wa zege. Chukua biti ndefu ya mm 12, toboa pembeni hadi udongo, ingiza waya uliokunjwa ncha, uinase chini ya zege kisha upime. Watengenezaji wengi hutaka angalau mm 100 za zege imara. Kwa jamvi (sakafu ya zege) jipya, mwaga mm 150 lenye nondo, daraja C25, yaani kiwango cha nguvu ya zege. Mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) waliouzoea mafundi haufiki hapo. Plasta ya juu na vigae visihesabiwe: bolti ikikaza juu ya kigae, kigae kinapasuka, bolti inalegea, na nguzo inaanza kuinama gari likiwa juu. Mwagilia zege siku 7, funga bolti baada ya siku 28, mbali na ufa, kiungio na ukingo wa jamvi.

Urefu ni hesabu nyepesi. Prado ina karibu m 1.9, ukiinua m 1.8, unafika m 3.7 bila keria. Jenga m 4 hadi chini ya kenchi. Paa likiwa fupi, chagua lifti ambayo nguzo zake zimeunganishwa kwa bamba la sakafuni, si kwa boriti ya juu, ingawa utajikwaa kila siku. Taa ziwe ukutani.

Upana: nguzo huchukua kama m 3.5, lakini acha nafasi ya mlango wa gari kufunguka na mtu kupita.

Umeme: mota ya fezi moja, volti 230, ipate laini na swichi yake.