Usawa kazini, tuongee bila kuzungukazunguka

Jamani hii mada ya usawa kazini watu wanaipenda ikiwa kwenye bango tu, ukiigusa kikaoni kila mtu anainamia simu yake. Mkataba namba 100 wa ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, ule wa malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, upo tangu 1951, sasa mbona mshahara bado ni siri? Mimi naona hiyo siri ndo inalea ubaguzi wenyewe, maana utajuaje mwenzako wa kazi ile ile anakuzidi? Halafu dada akitoa wazo, kimya, kaka akilirudia vile vile anapigiwa makofi, na chai anatumwa nani, si huyo huyo dada! Anayetumia kiti cha magurudumu ndo kabisa, kikao kinawekwa ghorofani lifti mbovu, afu wanaandika "hakuhudhuria".