Mlinzi wa geti, siku ya 10: dakika 4

Dakika 4. Nimeitazama saa ya ukutani mara mbili nikidhani betri imekufa. Siku ya 1 hapa kwenye kituo chetu cha kulelea watoto, mtoto mpya alilia dakika 95 mama yake alipoondoka, siku ya 5 dakika 70, kisha akagoma kushuka hapo mpaka jana. Leo dakika 4, akasogea mezani akaonyesha kikombe cha uji.

Mlinzi ndiye huyo mtoto, ana miezi 16. Mama yake anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa Serikali hapa Dodoma, kwa hiyo hapa Nzuguni analetwa saa 12 na nusu, baridi ya Julai bado inauma. Jina tulimpa kwa sababu alikuwa hasinzii, hachezi. Analala kifudifudi getini, shavu kwenye saruji, anachungulia viatu vinavyopita chini ya bati. Kiatu cheusi cha kike kikipita, anasimama. Kisipoingia, kilio kinaanza upya.

Umri wake ndio mgumu. Kuanzia miezi 8 hivi mtoto anajua mama akitoka ameondoka kweli, ila kurudi kwake bado hana uhakika nako, na wengi huwa wakali zaidi kati ya miezi 10 na 18. Wale wachanga wanaoletwa likizo ya uzazi ya siku 84 ikiisha hawanitesi hivi, wao ni maziwa na usingizi.

Kosa la kwanza ni langu. Siku tatu za mwanzo nilimchezesha mpira, mama akatorokea mlango wa uani. Najua, najua. Basi lilikuwa linamwacha, nami nikakubali. Matokeo yake hata nikienda chooni ananifuata akilia, na ule mpira mwekundu hataki kuuona. Nimeuficha juu ya kabati. Siku ya 4 tukaanza kuaga waziwazi: "Mama anakwenda kazini, ukishaamka na kunywa uji wa jioni, atakuja." Sentensi moja, busu moja, anatoka. Ndipo tukafika 70.

Siku ya 6 nikamwomba mama alete kanga yake. Akaileta imefuliwa, imepigwa pasi, inanukia sabuni ya maua. Mlinzi akaitupa. Nikaandika daftarini "kanga haifai", nikapoteza siku tatu nikibadilisha kila kitu kingine: nafasi ya kulala, uji, hata dada wa kumpokea.

Jana jioni mama alipomnyanyua, nikamwona anazamisha pua kwenye mtandio wa begani na kuvuta pumzi kama mtu aliyetoka majini. Nikashtuka.

"Mama, niachie huo mtandio."

"Jamani dada, huu mchafu! Nimeshinda nao tangu asubuhi, una vumbi la Mtumba lote."

"Huo huo mchafu."

Leo, baada ya kuaga, nikampa. Akashika pembe moja, akaitia puani, akakaa chini. Getini hakwenda.

Katikati ya haya mikeka nayo imenichosha. Ile ya plastiki asubuhi ni barafu, na upepo wa Dodoma ukiingia uani unaikunja watoto wakiwa juu yake. Vile vipande vya sponji vyenye herufi vinaliwa. Mtoto mmoja ameshamaliza nusu ya herufi K. Nimerudi kwenye mkeka wa ukili na blanketi zito juu yake. Na video za WhatsApp nilizokuwa nawatumia wazazi asubuhi nimeacha kabisa. Mzazi akiona mwanawe analia saa nzima, hafanyi kazi, nami simu inanizuia kumbeba. Picha moja, saa nne, basi.

Wiki hii nilipanga kutengeneza ratiba ya picha: uji, kucheza, kulala, mama. Maboksi nimekata, gundi ninayo. Imeahirishwa, kwa sababu Mlinzi amenipa wazo jingine. Kama watoto wanataka kuona njia, kwa nini walale kwenye saruji? Kesho Jumamosi fundi wa kuchomelea anakuja kukata dirisha dogo kwenye bati, usawa wa macho yao, aweke wavu, wawapungie wazazi mkono. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika ni chini kiasi hicho.

Mtandio sasa una uji, makamasi na vumbi la uani. Mama yake ameshauliza aufue lini. Nimemwambia asithubutu.