Nilivyoivuka bonenkai bila tone la pombe na bila kununiwa

Waswahili wenzangu huku Japani walinipa ushauri wa aina tatu wa kukwepa pombe kwenye karamu ya ofisi. Mmoja: "Kaka, we sema unatumia dawa, yameisha." Wa pili: "Shika glasi ya bia mkononi, usinywe, nani atakupekua?" Wa tatu, yule mjuaji wetu wa kila jambo: "Usiende kabisa, kwani imeandikwa kwenye mkataba?" Laiti ushauri mbovu ungelipiwa kodi, hao watu wangekuwa wanadaiwa mpaka leo.

Kwa asiyejua, bonenkai ni ile karamu ya ofisi ya Desemba, watu wanakula na kunywa ili mwaka uende na machungu yake. Ofisi yetu iko Nagoya, tuko watu ishirini na kitu, na Mwislamu ni mimi peke yangu, mtoto wa Tanga. Haimo kwenye mkataba, kweli, lakini ndiyo siku pekee bosi anakuuliza habari za mama yako na anasikiliza jibu. Kutokwenda ni kujikata mguu.

Hiyo ya dawa niliitumia mwaka wa kwanza. Usiku ule ilifanya kazi vizuri sana. Jumatatu jirani yangu wa dawati akaja na pakiti za uji wa kupasha moto. Jumanne mwingine akataka kunipeleka kwa daktari wake. Huku kampuni inawapima wafanyakazi afya kila mwaka, kwa hiyo yule mama wa utawala alijua kuwa sina hata mafua, na bado alinitazama kwa huruma ile ya kumtazama mtu anayeficha gonjwa zito. Wiki nzima naulizwa naendeleaje. Nikaapa: mwakani nasema ukweli, tena mapema.

Na mapema maana yake ni siku ile ile mratibu anapopitisha karatasi ya majina. Kila karamu ina mratibu wake, mara nyingi kijana wa ofisi, na usiku ule yeye ndiye mwenye roho mkononi: kuchagua baa, kukusanya hela, kupanga viti, kuchunga saa. Ukimwambia "sili nguruwe" anadhani umemaliza, na utaletewa mchuzi uliochemshiwa nguruwe ukatolewa nyama. Ukiorodhesha usivyokula, mirin (kile kileo cha kupikia) kwenye mchuzi, kuku asiyechinjwa kwa bismillahi, unamwona anaanza kutoka jasho. Mimi nikamgeuzia. Nikamwandikia ninavyokula: samaki wa kuchoma kwa chumvi, mayai ya kuchemsha, edamame (soya changa za kuchemsha), wali mweupe, saladi. Mistari miwili tu. Akashusha pumzi, akapiga simu palepale mbele yangu.

Saa nazo zilinipendelea. Desemba jua la Nagoya linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo magharibi na isha nilizimaliza palepale ofisini kabla ya kwenda. Karamu ilianza saa moja usiku. Soksi kagua kabla hujatoka nyumbani, maana viatu vinabaki mlangoni. Ukifika usikimbilie kiti cha ndani, huko ni kwa wakubwa. Vijana na wageni wa kazi tunakaa upande wa mlango, na ndiko kuzuri, nitaeleza kwa nini.

Sasa kisa chenyewe. Baa za namna hii zinauza vinywaji kwa mtindo wa kunywa utakavyo, saa mbili, na oda ya mwisho nusu saa kabla. Mhudumu anakuja na trei limejaa glasi. Mimi nimeagiza chai ya oolong, ile ya kahawia, baridi, na barafu. Jirani zangu wawili wameagiza chai ileile iliyotiwa shochu, pombe kali ya Kijapani. Rangi moja, glasi moja, barafu ileile. Baadhi ya baa hutia kijiti cha kukorogea kwenye ile yenye pombe ili watu wasichanganye. Hapa vijiti vilikuwepo, ila jamaa yangu wa kushoto ni wa wale wanaochomoa kijiti na kukiweka mezani kabla hajanywa. Bosi akahutubia, tukasimama, "Kanpai!", tukagonganisha glasi, tukaweka chini tupige makofi. Nikainua tena, pua ikanipokea harufu ya spiriti ya zahanati. Nikairudisha mezani polepole kama mtu aliyeokota nyoka akidhani kamba.

Sikusema kitu. Nilikuwa na raba za kufungia michoro mfukoni, hizi za manjano zinazouzwa kwa boksi. Nikaomba chai mpya, nikavalisha glasi raba moja kiunoni. Ndiyo hivyo tu. Kuanzia hapo hata ukiipitisha meza nzima, yangu naijua. Jamaa wa kushoto akaiona, akauliza, nikamwambia: yenye mkanda haina pombe. Akacheka mpaka akapaliwa. Habari ikatembea meza nzima, na baada ya dakika chache mhasibu wetu, mzee wa watu aliyenizidi kwa miaka thelathini kazini, akanyoosha mkono kimyakimya: "Na mimi nipe moja." Kumbe mzee hawezi pombe. Wajapani wengi miili yao haiivumilii vizuri, glasi moja uso unakuwa mwekundu kama nyanya, na huyu miaka yote alikuwa anapokea bia, analowesha midomo, anaiacha ipate joto mbele yake. Mpaka oda ya mwisho nilikuwa nimegawa raba nne. Halafu mtu ananiambia nishike glasi ya bia!

Kumimina nako walinishauri: "Wewe wamiminie wakubwa tu, utapendwa." Kweli hapa hakuna anayejimiminia, jirani anakumiminia nawe unamrudishia, chupa unaishika kwa mikono miwili. Lakini mimi kumimina pombe sitaki pia. Nikawahi koleo la saladi. Hapo ndipo upande wa mlango unapokufaa: sahani zote zinapitia kwako. Nikawa napakua, napanga vitaulo, nasogeza sahani tupu. Mtu mwenye koleo mkononi hakuna anayemuuliza mbona hamiminii.

Michango ilikuwa kama yen elfu tano, tuseme themanini na kitu elfu za kwetu, na anayekunywa chai analipa sawa na anayekunywa mpaka anaimba. Inauma. Nikaifidia kwenye samaki.

Kisha bingo. Zawadi: sanduku la tishu, vocha, mchele kilo tano, na paja la nguruwe lililokaushwa, limefungwa kifahari kwa ajili ya zawadi za mwisho wa mwaka. Nadhani mmeshajua nani alishinda paja. Ukumbi ulinyamaza sekunde moja, halafu bosi mwenyewe, aliyekuwa na mchele, akaja kwa magoti juu ya tatami, ile mikeka ya sakafuni, akiwa amebeba mfuko wake kwa mikono miwili, tukabadilishana huku watu wanashangilia. Ule mchele nimeupikia pilau, na kiporo alikula yeye ofisini.

Mwisho wanapiga kofi moja la pamoja, pa!, karamu imefungwa. Moja tu, jamani. Sisi tuliokulia kwenye taarabu mkono haujui kusimama, na mwaka wa kwanza nilibaki napiga peke yangu.

Baada ya hapo kuna karamu ya pili, karaoke. Hiyo ni hiari kabisa: sema treni ya mwisho, inama, ondoka. Mabosi wenyewe hutamani mtu wa kuwaanzishia. Asubuhi ya siku ya kazi inayofuata pita kwa mratibu na kwa bosi, shukuru kabla hujawasha kompyuta.

Januari kuna nyingine, ya kufungua mwaka. Hiyo nawaambia wazi kuwa hela imekata mpaka mshahara, na hakuna aliyewahi kuninunia.