Siku nilomwambia mama pedi zinaniwasha

Mie nimevunja ungo niko darasa la 7, hapa Wete, Pemba, na alonikalisha kitako ni somo yangu, yule mwanamke anomfunza mwari mambo ya ukubwa, si mama, akanifunza vitambaa vya kanga kuukuu na kujitwaharisha, basi. Mama yeye akininunulia pedi tu ananiwekea chini ya mto, hatusemi kitu.

Sasa zile pedi zilikuwa za manukato, zinaniwasha mpaka nachubuka mapajani, na skuli nakaa na moja tangu asubuhi hadi saa 8 mchana kwa kuona haya kwenda chooni. Siku moja nakuna nazi yeye anachambua mchele nikamwambia, mama, zile zinaniumiza. Akaweka ungo chini akanitazama, "mwanangu, mbona hukunambia mapema?" na hapo ndo machozi yakanitoka.

Kumbe anajua mengi! Tukaenda sote dukani tukachagua zisokuwa na harufu, akasema nibadilishe kila masaa 4 mpaka 6 hata kama haijajaa. Nyumbani natumia za kitambaa za kufua, unaroweka kwa maji baridi maana ya moto yanagandisha doa, kisha unaanika juani khasa, si kuficha chini ya godoro zikabaki na unyevu, hapo ndo wengi tunapokosea.

Nikamuuliza na kile kikombe cha hedhi cha silikoni, kinachovaliwa ndani kukinga damu, akasema hicho hakijui, tumuulize nesi, na kweli tukaenda. Mie bado sijakitaka, na mama hajanilazimisha.