Barafu kabla ya mbio: wiki ya tano

Oktoba hapa Lubumbashi jua halina huruma. Mvua bado, na saa tisa alasiri lami ya barabara ya Kipushi inapiga moto hadi magotini. Saa hiyo nimeichagua makusudi: najaribu kuona kama kupoza mwili kabla ya mbio kunaongeza umbali kwenye joto. Mwendo ni uleule kila siku: kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 20, nikishindwa kuushika nasimama. Mdogo wangu ananifuata kwa baiskeli, saa mkononi.

Wiki mbili za kwanza nilikimbia bila kupoza mwili, nikaishia kati ya kilomita 8 na 8.5. Wiki ya tatu nilijifunga taulo la maji baridi shingoni na mabegani. Raha niliipata, umbali ukabaki palepale.

Sasa ninakula barafu. Nimefuata kipimo cha utafiti wa mwaka 2010: gramu 7.5 za barafu iliyosagwa kwa kila kilo ya mwili, kidogokidogo kwa nusu saa. Katika joto la nyuzi 34, wanaume 10 walikimbia wastani wa dakika 50 baada ya barafu, dakika 41 baada ya maji baridi. Mimi nina kilo 60, basi gramu 450. Nilipopiga hesabu nilishangaa: barafu hiyo, ikiyeyuka tumboni na kufikia joto la mwili, inachukua joto zaidi ya mara tatu ya maji baridi ya uzito huohuo. Kazi kubwa ni ile ya kuyeyuka. Na mkimbiaji huanza kuishiwa nguvu joto la ndani likikaribia nyuzi 40, kwa hiyo ukianzia chini, safari ya kufika huko inakuwa ndefu.

Umeme ukikatika nanunua barafu kwa mama jirani, ila tu ile aliyoigandisha kwa maji niliyomchemshia mimi. Naifunga kwenye kitambaa safi, naitwanga kwa mchi wa sombe (majani ya muhogo) hadi iwe kama mchanga mbichi. Siku ya kwanza niliibugia yote kwa dakika kumi: paji la uso likauma, tumbo likajaa, nikasimama kilomita ya 5. Siku hizi ni kikombe kidogo cha kahawa kila dakika tano, kwa kijiko.

Mtego mwingine ni kujisikia mwepesi. Jumanne kilomita ya kwanza niliikata kwa dakika 4 na sekunde 50 bila kujua, mpaka dogo akapiga kelele: «Yaya, punguza! Punguza mwendo!» Yaya ni mimi, mkubwa wake.

Mara tatu nilizofanya sawasawa: kilomita 9.3, 9.1 na 9.8. Hiyo 9.8 siihesabu sana, wingu lilifunika jua karibu nusu ya njia. Na siwezi kujifanya sijui kwamba nimekula barafu. Moyo nao unakimbia kwa matumaini.

Jumamosi nitakunywa maji ya frigo, gramu 450 zilezile, kikombe kilekile, kila dakika tano. Dogo ameshayapima kwenye mizani ya mama.