Liongo wa Bibi na Liongo wa kitabu

Kile kitabu kilikuja na binti ya ami yangu kutoka London, msimu wa Maulidi, ule wakati Lamu imejaa wageni mpaka watu na punda wanapishana kwa ubavu. Yeye alikinunua kwenye intaneti kwa kuona jina tu, Swahili Tales, akasema hiki nampelekea kaka, manake wakati huo nilikuwa nishafungua duka langu la kutaipu na fotokopi huku Langoni na kila mtu nyumbani alijua mimi na karatasi hatuachani. Akakitoa mkobani nikakipokea kwa mikono miwili. Jalada jipya linang'aa, limetiwa picha ya twiga na jua linazama, nikageuza nyuma sikuona mwaka wala jina la mtu aliyekishughulikia. Nilipofungua ndani ndipo nikaona Edward Steere, 1870, nikavuta kiti nikakaa.

Hicho si kitabu kidogo jamani. Steere, mmishenari Mwingereza, alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer, baadaye mwenyewe akawa askofu, lakini kabla ya hapo alikuwa ashakaa na watu wa Unguja anawasikiliza wanavyohadithia na anaandika, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, kikapigwa chapa London 1870. Miaka hiyo Kiswahili chetu kilikuwa kinaandikwa zaidi kwa herufi za Kiarabu, kwa hivyo hizi ni katika hadithi za mwanzo mwanzo kupigwa chapa kwa herufi hizi tunazochapa kwenye simu leo. Punda wa Dobi yumo. Sultani Darai na paa wake yumo, yule tuliyehadithiwa udogoni wala hakuna aliyetwambia kwamba kuna kitabu. Nikapitisha kidole kwenye orodha, nikafika kwa Liongo, yule shujaa na mshairi wa kale, moyo ukanipiga.

Manake Liongo ni wa huku kwetu. Ni wa Shaka, wa Ozi, na Kipini pale Mto Tana unapomwagikia baharini watu wanakuonyesha kaburi lake mpaka leo. Muhamadi Kijuma, mtu wa Lamu hii hii, mshairi, mwandishi na fundi wa kuchonga milango, alimtungia utenzi mwaka 1913. Na nyumbani kwetu Liongo alikuwa wa Bibi, mamake mama, hakuna mwengine aliyethubutu kumhadithia yeye akiwepo. Sasa kumuona kwenye kitabu kilichochapwa hata Kijuma hajawa mtu mzima sawasawa, nikasema leo usiku Bibi lazima asomewe.

Basi baada ya Isha tukakusanyika nyumbani Mkomani, ukumbi wa chini, watoto kwenye mkeka, mama na mashangazi huku, Bibi juu ya kitanda chake ameegemea mto na tasbihi mkononi. Nikamwambia Bibi nina Liongo wa zamani sana hapa, aliandikwa Unguja kabla babako hajazaliwa. Akasema, "Soma, mwanangu, soma kwa sauti, na nyinyi wana ketini hapo tini mutulie."

Nikaanza. Sentensi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita kwa shida, ya tatu nikagonga ukuta. Kila penye herufi m pameandikwa r na n, mama amekuwa "rnarna", na h imepasuka vipande viwili ikawa l na i, "hana" inasomeka "liana". Halafu katikati ya Kiswahili inaingia mistari miwili ya Kiingereza, manake kurasa zilikuwa zinatazamana na kitu kilichosoma hakikujua hii ni safu hii na ile ni ile, kikachanganya tu. Namba za kurasa ziko ndani ya sentensi. Nikawa nakisia, nasoma neno narudi nyuma, watoto wameanza kuangaliana, na Bibi uso umekunjana.

"Ngoja, mwanangu. Hayo si maneno."

Nikamwonyesha ukurasa, ingawa herufi hizo yeye hakuwa anazisoma, yeye alisoma za Kiarabu. Nikamwambia Bibi si mimi, kitabu ndicho kimeandikwa hivi. Akaweka tasbihi kando. Akaniuliza, "Umefika wapi?" Nikamwambia nafikiri amefungwa, yumo gerezani, anasubiri kuuawa. Akasema, "Haya. Shika hicho kitabu lakini nyamaa."

Akaanza yeye. Walahi ile sauti ningeweza kuiandika ningeiandika, Bibi alikuwa na miaka yake themanini na zaidi lakini akimshika Liongo mgongo unanyooka. Akatwambia Liongo yuko kifungoni na pingu, kijakazi wa mamake anamletea chakula kila siku, na kila siku askari wanakichukua kile kizuri wanakula wao wanamwachia makombo. Liongo akaona hapa hapana njia ila moja. Hakuweza kumwambia kijakazi waziwazi kwa vile walinzi wanasikia, basi akamwimbia, na wale wanadhani ni mtu anajiliwaza. Hapo Bibi akaimba, polepole, ule wimbo wa kumtuma kijakazi amwambie mama aoke mkate na katikati atie tupa, ile ya kukerezea chuma. Na ule mkate, akasema, ukawa wa wishwa, mnajua wishwa nyinyi, pumba hizi wanazolishwa kuku, mama mtu alifanya makusudi, manake askari wakiuona wataudharau watampa mwenyewe. Mmoja wa wale watoto akauliza kwa nini hawakuuvunja kwanza watazame. Bibi akamjibu, "Mwenye kushiba havunji mkate wa wishwa."

Akaendelea. Usiku wa ngoma, watu wanapiga matari na siwa inalia, Liongo anakereza pingu zake na tupa, kelele ya tupa inamezwa na ngoma. Sisi huku nje nako kulikuwa na matari ya Maulidi, yanatoka upande wa msikiti wa Riyadha, na sikuona mtoto hata mmoja akisogea. Mwisho akafika kwenye sindano. Kwamba Liongo hafi kwa upanga wala mshale ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na siri hiyo akamwambia mwanawe, na mwanawe ndiye aliyemchoma amelala. Akaamka Liongo na maumivu, akatwaa uta, akaenda kisimani akapiga goti, mshale umo utani umevutwa, na hapo akafa vile vile amepiga goti. Siku zikapita watu hawathubutu kwenda kuteka maji, wanajua yu hai. Mui mzima una kiu. Mpaka mamake akaja kumsihi mwanawe awahurumie watu, hajui anamsihi maiti.

Binti ya ami alikuwa amewasha simu anarekodi tangu ule wimbo, alhamdulillahi, na mimi wakati wote kitabu kimo mkononi nafuata kwa kidole. Jambo lililonishangaza ni kwamba kila Bibi alipokuwa anapita mahali, ile mistari iliyovurugika ikaanza kufunguka. Nikimsikia anasema nikitazama chini naona ahaa, hili lilikuwa neno fulani. Si kwamba walikuwa sawa sawa, Liongo wa Steere ni mfupi, amekaushwa, wa Bibi ana nyama, lakini mifupa ni ile ile, na mmoja ametoka Unguja kabla ya 1870 na mwengine katoka kwa mamake Bibi hapa Mkomani.

Kazi yangu ni hizi mashine kwa hivyo kilichotokea nilikijua usiku ule ule. Vitabu hivi vya zamani hakimiliki yake imeshaisha, mtu yeyote anaweza kuvichapa, na maktaba nyingi za Ulaya na Marekani zimevipiga skani zikavitia kwenye intaneti. Sasa kuna njia mbili. Moja unachukua zile picha za kurasa kama zilivyo ukazichapa, doa linabaki doa na muhuri wa maktaba unabaki muhuri, lakini kila neno liko pale lilipowekwa. Njia ya pili ni rahisi, unaiachia programu izisome zile picha izigeuze maandishi, hakuna mtu anayepitia, unatia jalada la twiga unauza, kitabu kinachapwa kimoja kimoja kila mteja akiagiza. Na programu hizo nyingi zimefunzwa Kiingereza, ikikutana na Kiswahili cha 1870 kilichopigwa chapa kwa wino uliofifia inakisia tu. Sitaitaja kampuni iliyokiuza. Lakini lilinikera na linanikera mpaka leo, manake msomaji anayekutana na Kiswahili kwa mara ya kwanza kwenye kitabu kama kile atadhani wazee wetu walikuwa hawajui kusema.

Asubuhi yake nikafungua duka nikaingia intaneti natafuta, na haikuchukua muda nikakipata kile chenyewe, skani ya toleo la 1870, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Nikaisoma hadithi ya Liongo yote nimesimama, wateja wananingoja. Na mwisho wake nikakuta kitu ambacho kwenye lile toleo la twiga kilikuwa ni takataka tupu sikukitambua hata kidogo, nacho ni mashairi ya Liongo, yale yanayonasibishwa naye, Kiswahili kizito cha kale. Nikayachapa kwa herufi kubwa nikapanda nayo Mkomani mchana. Bibi nilimsomea yeye peke yake safari hii. Kuna beti alizinyamazia, kuna nyingine akawa ananitangulia midomo inacheza. Akaniambia hizi alizisikia kwa babake akiwa mtoto, alidhani zimekufa na wale wazee. Akanisomesha tena beti moja ile ile mpaka akaridhika na namna ninavyoitamka, kisha akasema, "Watilie wana."

Ndivyo nilivyofanya. Nikazichukua zile picha za kurasa, nikazisafisha vivuli, nikaweka Kiswahili peke yake, mbele nikaandika wazi kitabu kimetoka wapi, mwaka gani, nani aliandika, na nyuma nikataipu hadithi ya Bibi kama alivyoihadithia, na Kiamu chake, Kiswahili cha hapa Lamu, sikukigeuza hata neno kukifanya cha shule. Nikabaindi nakala chache. Mwalimu mmoja wa darasa la sita akachukua, halafu akarudi anataka za darasa zima, halafu akaja ustadhi wa madrasa. Bei nilitia ya karatasi na wino.

Waliponiuliza kwa nini nisisahihishe Kiswahili cha Steere pale kinapotofautiana na chetu nilikataa, na bado nakataa. Anayechapa upya kitabu cha watu waliotangulia kazi yake ni kukifikisha kizima, akiwa na la kusema aliseme pembeni kwa jina lake.

Kinachoniuma zaidi ni vile ambavyo havijarudi. Kijuma alikaa hapa Lamu miaka na miaka ananakili tenzi kwa mkono wake, nyingine kwa ajili ya wachunguzi wa Kiswahili, Alice Werner na William Hichens Uingereza, nyingine kwa Ernst Dammann wa Ujerumani aliyekuja hapa miaka ya 1930. Zikaenda London, zikaenda Ujerumani. Dammann akatoa kitabu kizima cha mashairi ya Kiamu huko Hamburg mwaka 1940, maelezo kwa Kijerumani, na mimi katika maisha yangu sijakiona kikiuzwa kwenye duka la Lamu. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kikubwa cha kazi za Kijuma, kazi safi kabisa, Mungu awalipe, lakini kimechapwa Ujerumani na bei yake mwalimu wa hapa haiwezi. Hicho kina wenyewe, siwezi kukigusa bila ruhusa na sitaki.

Cha Steere hakina kizuizi. Wiki mbili tatu baada ya Maulidi akaja mzee mmoja kutoka Siyu dukani, ameona nakala kwa mjukuu wake, akaniambia mwisho wa Liongo kwao hauko hivyo, si wa Steere wala si wa Bibi yangu. Nikamtolea kiti, nikafunga mlango nusu, nikamwomba aanze mwanzo nami nikakaa kwenye kibodi.